Uzamivu wa Maendeleo ya Kiuchumi Ukiwa Kazini: Mahali Watu Wanapokwama

Anayeingia kwenye uzamivu (PhD) akiwa mchumi wa halmashauri, afisa mipango au msimamizi wa mradi huogopa mambo mawili: hesabu za ekonometriki, yaani takwimu za kiuchumi, na siku ya utetezi wa tasnifu. Yote mawili hupitika. Wengi huangukia katikati, andiko la utafiti likiwa limeshapitishwa, data bado haijashikwa, na ofisini msimu wa bajeti umewadia. Ukichunguza, mara nyingi kasoro iko kwenye swali lenyewe. Halikutoka kwenye uamuzi wowote ambao ofisi huufanya, kwa hiyo hakuna daftari linaloweza kulijibu, hakuna mkuu wa idara anayelisubiri, na hakuna tarehe inayolisukuma.

Kwanza ujue unaomba nini. Uzamivu wa kawaida hupimwa kwa mchango wake kwenye elimu: umeongeza nini ambacho wanazuoni hawakukijua. Uzamivu wa kitaalamu, uliotungwa kwa ajili ya watu walio kazini, hupimwa kwa mchango kwenye utendaji: tatizo la kweli, likachunguzwa kwa mbinu zinazohimili maswali, na majibu yake yakaweza kutumika. New Mexico State University ya Las Cruces, Marekani, inatoa shahada ya aina hiyo mahususi kwa maendeleo ya kiuchumi. Huku kwetu Afrika Mashariki shahada nyingi bado zinaitwa uzamivu tu, ama kwa tasnifu peke yake, ama kwa kozi na tasnifu. Mpango wa pamoja wa AERC, muungano wa utafiti wa uchumi barani Afrika, ulioanza 2002 na ambao Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimo, ni wa kukaa darasani: mikroekonomia, makroekonomia na mbinu za kitakwimu, kwanza hadi uzipite. Huo haufanyiki huku umekalia kiti cha ofisi. Lakini hata ukisajiliwa kwenye uzamivu wa tasnifu tupu, hakuna kinachokuzuia kuufanya kwa roho ya ule wa kitaalamu, na kwa mtu wa kazini hiyo ndiyo njia ninayoipendekeza.

Ukivutiwa na chuo cha nje, hasa cha masomo ya mtandaoni, hakikisha kabla ya kulipa ada kwamba shahada yake itatambuliwa: Tanzania ni Tume ya Vyuo Vikuu (TCU), Kenya ni Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu (CUE). Kuna watu wamemaliza miaka minne wakagundua kwamba cheti chao hakiwezi kuingizwa kwenye jalada la utumishi. Kwa mtumishi wa umma liko na suala la ruhusa ya mwajiri na jina lako kuwemo kwenye mpango wa mafunzo wa taasisi. Ukianza kimyakimya ili uje kuwashangaza, utashangaa wewe siku ya kuomba kubadilishiwa muundo wa utumishi.

Sasa swali. Chukua mfano wa mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri Tanzania, kwa sababu karibu kila anayefanya kazi ya maendeleo serikali za mitaa ameigusa. Kifungu cha 37A cha Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, kilichoingizwa 2018, kinaitaka halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Andiko la kawaida linaloletwa kwa wasimamizi huwa na kichwa kama "Mchango wa mikopo ya halmashauri katika kupunguza umaskini wa wanawake". Halifai. Umaskini wa kaya unasukumwa na mvua, bei ya mbaazi, ugonjwa, ada ya shule na mengine mengi ambayo halmashauri haina mkono nayo, na aliyekopa si sawa na asiyekopa hata kabla ya mkopo. Mwenye bidii ndiye anayejiunga na kikundi. Ukiwalinganisha na wasiojiunga utapata tofauti nzuri sana, na mtahini wa nje ataifuta kwa sentensi moja.

Badala yake andika kwenye karatasi maamuzi ambayo ofisi hufanya kila robo mwaka: vikundi vipi vipewe, kiasi gani, rejesho la kwanza lianze lini, afisa maendeleo ya jamii wa kata atembelee wangapi na mara ngapi. Kila moja ni swali la uzamivu likikazwa vizuri. "Je, kikundi kikitembelewa na afisa wa kata mara mbili kabla ya rejesho la kwanza, marejesho yanaongezeka?" Swali hilo lina mwenye kulihitaji, lina kipimo kinachoonekana kwenye akaunti ya benki, na lina gharama inayojulikana, yaani mafuta ya pikipiki na posho.

Kabla hujaandika ukurasa wa pili wa andiko, jaribu kumbukumbu. Chagua majalada 30 ya mikopo kwa kura, si yale yaliyo juu ya meza, kisha tafuta vitu vitano katika kila moja: namba ya usajili wa kikundi, kiasi kilichotolewa, tarehe fedha zilipoingia kwenye akaunti, tarehe ya rejesho la kwanza lililopangwa, na orodha ya malipo yaliyofanyika kweli. Kama majalada yenye vyote vitano hayafiki 24, badilisha swali au utafute chanzo kingine. Usijipe moyo kwamba utayapata mbele ya safari.

Kwenye majalada hayo tarehe ndizo husumbua kuliko kingine. Rejista nyingi zina tarehe ya kikao kilichoidhinisha, ambayo inaweza kuitangulia tarehe ya fedha kuingia kwa wiki au miezi. Ukihesabu ucheleweshaji wa marejesho kuanzia siku ya kikao, unakigeuza mdaiwa sugu kikundi ambacho fedha zenyewe kilikuwa hakijazipata. Majina nayo yana shida yake. Wilaya moja inaweza kuwa na Upendo, Upendo A, Upendo Group na Umoja wa Upendo, na wenyewe ni vikundi viwili tu. Unganisha majedwali kwa namba ya usajili, kamwe usiunganishe kwa jina. Halafu kuna malipo ambayo mweka hazina aliyaweka benki kwa jina lake mwenyewe: kwenye taarifa ya benki ni mtu, kwenye jalada ni kikundi, na mpaka mtu akae na stakabadhi moja moja hayatakutana. Tenga mwezi mzima kwa kazi hii. Hautafika kwenye tasnifu kama sura, utaonekana kwenye nusu ukurasa wa mbinu, lakini tasnifu yote imesimama juu yake.

Jihadhari pia na historia ya sera. Kabla ya 2018 halmashauri zilikuwa zikitenga asilimia 5 kwa wanawake na 5 kwa vijana kwa maelekezo tu, bila nguvu ya kifungu hicho. Aprili 2023 utoaji wa mikopo ukasitishwa baada ya kasoro zilizoonekana kwenye ukaguzi, na uliporejea 2024 halmashauri 10 zilichaguliwa kujaribu kutoa kupitia benki. Anayechora mstari mmoja kuanzia 2016 hadi 2025 na kuuita mwenendo wa marejesho amechanganya taratibu tatu tofauti. Mwenye jicho la kitafiti, kinyume chake, anaona hapo nafasi: kuna halmashauri zilizochaguliwa kutoa kupitia benki na ambazo hazikuchaguliwa, na tarehe inajulikana. Ila zile kumi hazikuchaguliwa kwa kura, kwa hiyo itabidi uoneshe kwamba kabla ya mabadiliko zilikuwa zikienda sambamba na nyingine.

Tuseme umeamua swali la ziara za afisa wa kata. Idara imeidhinisha vikundi 60 robo hii na mafuta yanatosha kutembelea 30. Hapo ofisi inalazimika kuchagua hata bila utafiti wako, na kuchagua kwa kura mbele ya mashahidi ni haki kuliko kuchagua kwa kujuana. Umepata jaribio la kweli bila kumnyima mtu chochote alichoahidiwa. Lakini fanya hesabu kabla hujafurahi. Kama kawaida asilimia 60 ya vikundi hurejesha kwa wakati na unatarajia ziara zipandishe hadi 75, ili upate uwezekano wa asilimia 80 wa kuiona tofauti hiyo kwa kiwango cha kawaida cha asilimia 5 cha kuona tofauti isiyokuwepo, unahitaji vikundi karibu 150 kila upande. Yaani 300, si 60. Ukiwa na 60 utamaliza kazi yote, utapata jibu la "hakuna tofauti ya kitakwimu", na hutajua kama ziara hazisaidii au vikundi vilikuwa vichache. Njia za kutoka ni kuendelea robo kadhaa mfululizo, kushirikisha halmashauri jirani, au kuacha kipimo cha ndiyo na hapana ukatumia sehemu ya deni iliyolipwa kila mwezi, ambayo ina taarifa nyingi zaidi. Na usijaribu kuhesabu wanachama 600 badala ya vikundi 60. Kura ilipigwa kwa vikundi na deni linalipwa na kikundi; watahini wamekwishauona ujanja huo mara nyingi.

Hapa niseme neno juu ya fomyula ya Yamane ya kutafuta ukubwa wa sampuli, ambayo imekuwa kama dua ya kufungulia sura ya tatu. n, yaani sampuli, ni sawa na N, idadi ya watu wote, gawanya kwa 1 jumlisha N mara e kipeo cha pili, e ikiwa kosa unalolikubali. Kwa e ya 0.05, watu 10,000 wanakupa 385, na watu 100,000 wanakupa 398. Ndiyo maana tasnifu nyingi zina sampuli inayokaribia 400, liwe swali la samaki au la saruji. Fomyula hiyo inakadiria uwiano mmoja kwa sampuli iliyochaguliwa moja kwa moja kutoka orodha nzima. Haijui kwamba unataka kulinganisha makundi mawili, wala kwamba umechagua vijiji kwanza ndipo kaya.

Kuchagua kwa vijiji kuna gharama inayohesabika. Watu wa kijiji kimoja hufanana, kwa hiyo kila kaya ya ziada katika kijiji hichohicho inakuongezea kidogo. Zidisha kaya za kijiji kimoja, ukitoa moja, kwa kiwango cha kufanana, kisha ongeza 1. Kwa kaya 20 kila kijiji na kufanana kwa 0.05 unapata 1.95. Gawanya kwa hiyo: kaya zako 480 kutoka vijiji 24 zina uzito wa kaya 246 hivi. Kaya hizohizo 480 ukizitawanya kwenye vijiji 48, kumi kumi, kigawanyo kinakuwa 1.45 na uzito unapanda hadi 331. Nauli itaongezeka. Mara nyingi inalipa.

Vibali vina mlolongo wake, na kuruka ngazi moja kunaweza kukurudisha mjini. Kwa mwanafunzi wa chuo cha Tanzania, chuo hutoa barua ya utambulisho na kibali. Barua huenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, kutoka huko wilayani na kwa Mkurugenzi wa Halmashauri, kisha kwa mtendaji wa kata, na mwisho kwa mtendaji wa kijiji au wa mtaa. Mtafiti anayetoka nje ya nchi hupitia COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia. Zanzibar ina utaratibu wake, usiende Pemba na barua ya Dodoma. Kenya huanza na kamati ya maadili iliyoidhinishwa, ndipo leseni ya utafiti ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, na ukifika kaunti unaripoti kwa kamishna wa kaunti na mkurugenzi wa elimu wa kaunti. Beba nakala ngumu nyingi kuliko unavyodhani zinahitajika, zenye mhuri unaosomeka. Mtendaji wa kijiji atataka nakala ya kubaki nayo, na hapo hakuna mashine ya kutoa kivuli.

Sheria nazo zimebadilika na maandiko mengi ya zamani hayakuzigusa. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Kenya inayo yake ya 2019. Orodha ya wakopaji yenye majina, simu na madeni ni taarifa binafsi. Kwamba unaiona kila siku kwa sababu ya cheo chako hakukupi haki ya kuihamisha kwenye kompyuta yako ya shule. Omba kwa barua, ueleze utakachochukua, na uchukue faili lenye namba badala ya majina. Kuhusu kuchapisha matokeo, Sheria ya Takwimu ya 2015 ilikazwa 2018 kisha ikalegezwa 2019. Usiziite namba zako takwimu rasmi na ueleze mbinu zako wazi.

Kuna barua nyingine ambayo hakuna anayeitaja hadi mgogoro utokee: ya mwajiri kukubali kwamba matokeo yatachapishwa hata yasipompendeza, kwa sharti la kuficha jina la halmashauri. Ipate mwanzoni, wakati kila mtu bado anaona fahari kuwa na daktari mtarajiwa idarani.

Faida kubwa ya mtu wa kazini, yaani kuwafahamu watu na kuaminiwa na mifumo, ndiyo inayoharibu majibu yake uwandani. Afisa akifika kwenye kikundi kwa gari lenye namba za SM, yaani Serikali za Mitaa, na kuuliza biashara inaendaje, anajibiwa kama mdai. Atakayeogopa kudaiwa atasema hali mbaya, atakayetaka mkopo wa pili atasema hali nzuri sana. Tumia wadadisi kutoka nje ya wilaya, wasivae vizibao vya halmashauri, wasipande gari la ofisi, na wewe mwenyewe ubaki mbali, ukikagua data kila jioni. Ridhaa iwe ya mdomo, kwa sababu mdaiwa akiambiwa atie sahihi anaona karatasi ya mahakama. Ila ridhaa ya mdomo lazima iombwe kwenye kamati ya maadili tangu mwanzo.

Dodoso lisizidi dakika 45. Baada ya hapo mama anaangalia jua na majibu yanakuwa "ndiyo" mfululizo. Usiulize "kipato chako kwa mwezi ni kiasi gani". Mkulima na mama lishe hawana mwezi wa namna hiyo. Uliza mavuno ya msimu uliopita kwa kipimo alichotumia, magunia au debe, uliza yaliyouzwa, uliza bei, kisha zidisha mwenyewe. Hata gunia likague: gunia la lumbesa si gunia la kilo 100, na usipouliza lilijazwaje unaongeza kosa ambalo programu yoyote haitaligundua. Matumizi ya chakula kwa siku 7 zilizopita, kama yanavyoulizwa kwenye National Panel Survey ya Ofisi ya Taifa ya Takwimu (NBS), hutoa picha ya hali ya maisha iliyo imara kuliko kipato cha kukisia. Na kabla hujakusanya lolote jipya, angalia kama jibu limo kwenye utafiti huohuo, ulioanza 2008/09 na unaozirudia kaya zilezile raundi hadi raundi, ingawa sampuli ilibadilishwa kwa sehemu kubwa 2014/15. Data yake inapatikana. Kuna sura nzima za uzamivu mle ambazo zingekuepusha na nauli.

Wadadisi 8 wakifanya madodoso 5 kila mmoja kwa siku, 480 ni siku 12 za kazi. Ongeza siku 3 za mafunzo, 1 ya majaribio kwenye kijiji kisicho kwenye sampuli, na siku za njiani. Tumia programu ya kukusanya data kama KoboToolbox au ODK kwenye simu, weka vizuizi vya majibu yasiyowezekana, na rudia kwa simu au ana kwa ana asilimia 10 ya kaya ukiuliza maswali manne tu yasiyobadilika. Mdadisi anayejaza dodoso chini ya mwembe hugundulika siku ya pili kwa njia hii. Bila hiyo utamgundua kwenye uchambuzi, amekwishalipwa.

Kalenda ya kazi iandikwe sambamba na ya shule. Mwaka wa fedha wa serikali unafungwa 30 Juni, na maandalizi ya bajeti hula miezi kuanzia Novemba hadi Machi. Hapo usijipangie sura yoyote mpya, panga kusahihisha za zamani. Masika ni Machi hadi Mei na barabara za vijijini hazipitiki. Agosti na Septemba ndiyo dirisha zuri kwa sehemu kubwa ya nchi: mavuno yamepatikana, kumbukumbu ya msimu ni mbichi, njia kavu. Mwaka wa uchaguzi dirisha hilo hujifunga, kwani mgeni mwenye orodha ya majina huonekana wa chama. Kwa wiki za kawaida, saa 12 zinatosha: alfajiri tatu za saa mbili mbili na Jumamosi ya saa sita. Wanaosema watasoma usiku baada ya kazi hawasomi.

Wasimamizi wako wana wanafunzi wengine na vikao vyao. Kila baada ya kukutana, watumie siku hiyohiyo barua pepe ya mistari michache: tulikubaliana hili, nitaleta hili, tarehe fulani. Msimamizi wa kwanza akisema ongeza na wa pili akisema punguza, barua hizo ndizo zitakazokuokoa, na chuo kikibadilisha msimamizi, jambo linalotokea, mpya ataanzia hapo badala ya kuanzia sura ya kwanza. Amri zote za uchambuzi ziwe kwenye faili la programu ya takwimu, Stata au R, linaloweza kuendeshwa upya kutoka data ghafi hadi jedwali la mwisho. Mtahini akiuliza kwa nini kaya ni 471 na si 480, jibu liwe limeandikwa humo.

Kwenye utetezi wa kazi ya namna hii, maswali ya nadharia huwa machache kuliko wengi wanavyotarajia. Watauliza nani angefanya nini tofauti kwa sababu ya matokeo haya, na kwa gharama gani. Uwe na hesabu ya ziara moja kwa shilingi, na kiasi cha marejesho kilichoongezeka kwa shilingi ya mwaka uleule, ukiwa umekwishaondoa mfumuko wa bei kwa fahirisi ya NBS. Muhtasari wa kurasa mbili ulioupeleka kwenye menejimenti ya halmashauri uuweke kama kiambatisho, pamoja na muhtasari wa kikao kilichoujadili, jina la halmashauri likiwa limefichwa.

Kusahihishwa ni kawaida, hata kwa kazi nzuri. Tengeneza jedwali la safu tatu: maoni ya mtahini kwa maneno yake, ulichobadilisha, ukurasa. Usipokubaliana na hoja, andika sababu kwenye safu hiyohiyo kwa adabu, usiiruke. Ukishakabidhi nakala za mwisho, futa faili linaloonesha ni namba ipi ya kikundi ni jina lipi, na barua ya kuthibitisha umefuta ipeleke kwa aliyekupa data.